Pua Si Mganga

Katika kisa cha kuzaliwa kwa Yesu, mamajusi kutoka mashariki walifika na zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Kisa hicho kinaposomwa huku kwetu Nyarugusu, wasikilizaji hawahitaji kuelezwa dhahabu ni nini. Wengi wao wameifuata chini ya ardhi kwa kamba, wameiponda kwa nyundo, wameiosha, na wameiona ikiishia mikononi mwa wanunuzi kabla jua halijatua. Uvumba nao, ambao ndio ubani wetu, wanaujua. Manemane peke yake ndiyo inayobaki kuwa neno la kitabuni.

Nyarugusu ninayoisema ni ile ya Geita, katika ukanda wa dhahabu unaopakana na Shinyanga. Siyo kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma, ingawa jina ni moja. Zamani tulihesabiwa watu wa Mwanza, mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Machimbo yamekuwapo tangu enzi za Mwingereza, na yamewaleta hapa Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha na wengine wengi, kila mmoja na desturi zake. Katika desturi hizo zote ubani umepata nafasi. Wakristo huufukiza kanisani, Waislamu huufukiza penye maulidi na penye msiba, mama aliyejifungua hufukiziwa nyumba, na nimewahi kumwona mganga wa jadi akiuzungusha juu ya mdomo wa duara jipya ili mwamba ukubali kutoa mali. Hakuna anayeshangaa. Ubani ni harufu ya mahali palipotulia, na sisi tunaoishi katikati ya mtutumo wa makarasha tunauhitaji utulivu kuliko wengine.

Lakini miaka ya karibuni ubani umetujia kwa sura nyingine. Umekuja ndani ya chupa ndogo yenye rangi ya kahawia, mililita 10 au 15, yenye kizibo cha kudondoshea. Chupa hizi hutoka Mwanza na Kahama kwenye mikoba ya wachuuzi, na bei yake si ndogo. Maandishi yake ni ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, basi nimegeuka kuwa msomaji wa chupa. Mtu hubisha hodi, huniamkia, kisha huingiza mkono mfukoni. "Mwalimu, hebu nisomee hapa. Wanasema inatibu nini?"

Jibu langu huwavunja moyo. Chupa nyingi nilizosomeshwa hazisemi kwamba zinatibu kitu chochote. Zinasema yasinywewe, yasiguse macho, yawekwe mbali na watoto, yachanganywe kabla ya kupakwa. Anayesema kwamba yanatibu ni mchuuzi, na maneno ya mchuuzi hayakuandikwa popote.

Inafaa basi tuanze na kukijua kitu chenyewe. Ubani ni utomvu wa mti. Miti yenyewe ni ya jamii ambayo wataalamu huiita Boswellia, nayo hupenda nchi kavu yenye mawe: Dhofar kusini mwa Omani, Yemeni, Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudani, na hata kaskazini mwa Kenya. Uhindi nayo ina aina yake. Mvunaji hukwangua gome kwa chuma chenye makali, utomvu mweupe hutoka, huachwa siku kadhaa ukauke, kisha hubanduliwa kama machozi yaliyoganda. Neno ubani tumelipata kwa Waarabu, ambao husema luban, nalo lina undugu na maneno yao ya weupe na maziwa. Biashara yake ni ya kale mno. Nchi ya ubani ya Dhofar iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na katika nyumba za Omani na za pwani yetu chetezo bado ni chombo cha heshima.

Mafuta yake je, hupatikanaje? Yeyote aliyewahi kuona gongo ikipikwa ataelewa mara moja. Ubani huwekwa ndani ya mtambo na kupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke hubeba ile harufu, hupita katika bomba, hupoozwa, hugeuka maji tena, na juu ya maji hayo huelea mafuta mepesi. Ndiyo hayo yanayojazwa katika chupa ndogo. Kwa hiyo tone moja ni kitu kikali. Ni harufu ya ubani mwingi iliyokusanywa mahali padogo, wala halilingani na punje ya ubani tunayoiweka juu ya kaa la moto.

Jambo la pili ambalo mtambo unatufundisha ni hili: si kila kilichomo katika ubani kinachopanda na mvuke. Vitu vyepesi hupanda, vizito hubaki chunguni. Watu wengi wamesikia kwamba wanasayansi wameuchunguza ubani kwa maumivu ya viungo na uvimbe. Ni kweli wameuchunguza, hasa ule wa Kihindi, lakini uchunguzi huo umefanywa zaidi kwa utomvu wenyewe uliotengenezwa kuwa vidonge, na viini vinavyotajwa humo, yaani tindikali za boswelia, ni vizito. Katika mafuta ya mvuke karibu havimo kabisa. Anayeuza mafuta kwa kutumia sifa za vidonge anamuuza mbuzi kwa cheti cha ng'ombe.

Kuhusu utulivu, habari iliyosambaa zaidi ni ya mwaka 2008. Wachunguzi wa Yerusalemu wakishirikiana na wenzao wa Marekani walikitenga kiini kimoja cha ubani, wakawapa panya, na panya hao wakaonyesha dalili za kupungukiwa na woga. Ni habari nzuri, nami niliifurahia. Lakini ni panya, na ni kiini kilichotengwa, wala si kila aina ya ubani inacho kwa wingi. Haitoshi kumwambia mgonjwa aache dawa zake. Wapo waliovuka mipaka hiyo kwa makusudi. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyaandikia onyo makampuni ya mafuta ya aina hii, kwa sababu mawakala wao walikuwa wakitangaza kwamba yanatibu saratani na hata Ebola. Ikiwa maneno kama hayo yalisemwa katika nchi yenye wakaguzi wengi, tusishangae yakisemwa penye stendi ya basi.

Msomaji asidhani kwamba mimi ni adui wa mafuta haya. Ninayo chumbani. Tangu nilipobaki mjane usingizi wangu umekuwa wa kukatika, na mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliniletea chupa moja. Nayapenda. Nikiyanusa usiku, pumzi yangu hurefuka na mawazo hupunguza mbio. Kama ni nguvu ya mafuta au ni nguvu ya kukaa kimya dakika ishirini bila redio wala simu, mimi sijali kuvitenganisha. Ninachojali ni kwamba nayatumia kama kitu kikali kinavyopaswa kutumiwa, na wale wanaoniletea chupa zao huwaeleza vile vile ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza, siyapaki yakiwa matupu. Katika kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti au ya nazi nadondosha matone sita, basi. Kwa mtu mwenye ngozi laini au mzee sana, matone matatu yanatosha. Kabla ya kuyapaka mara ya kwanza, nilijaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na kungoja siku nzima nione kama patawasha au kuvimba.

Pili, siyanywi, wala siyatii katika chai. Kuna watu husema kwamba Waomani huloweka ubani katika maji usiku na kuyanywa asubuhi. Ni kweli wanafanya hivyo, lakini wao huloweka punje za utomvu katika maji, hawanywi mafuta ya mvuke. Ni kama mtu aseme kwa kuwa muwa hutafunwa na watoto, basi na gongo ya muwa wanyweshwe. Mafuta mepesi ya namna hii yakimezwa huweza kuteleza yakaingia mapafuni. Ndiyo maana mtoto akiyameza hatapishwi. Huchukuliwa pamoja na chupa yake na kukimbizwa hospitali.

Tatu, nikitaka harufu tu, nadondosha matone matatu au manne katika bakuli la maji ya moto, dirisha likiwa wazi, na baada ya nusu saa namwaga. Mwenye pumu huwaambia wa nyumbani mwake wasifanye hivyo mbele yake mpaka ajue kama kifua chake kinakubali, kwa sababu harufu kali, hata iwe nzuri namna gani, yaweza kumbana. Mtoto mchanga hapakwi kifuani wala karibu na pua. Mama mjamzito, na mtu anayetumia dawa za kila siku, hasa za kuzuia damu isigande, na amwulize mganga wa kituoni kwanza.

Nne, nayaficha mbali na jua na mbali na moto. Yanashika moto upesi, na nyumba zenye koroboi zinapaswa kukumbuka hilo. Tena yanachakaa. Yakiachwa wazi, hewa huyabadilisha, yakawa mazito, harufu ikageuka, na hapo ndipo huanza kuwasha ngozi ambayo zamani hayakuidhuru. Chupa iliyochakaa ni ya kutupwa, hata kama ilinunuliwa kwa bei ya gramu ya dhahabu.

Na kwa wanaoniuliza kama waliyouziwa ni ya kweli, nawaonyesha njia ya karatasi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka kesho. Mafuta ya mvuke hupaa, yakaacha alama ndogo au yasiache kitu. Doa pana la grisi likibaki, basi ni mafuta ya kupikia yaliyolowekwa ubani. Hayo si lazima yawe mabaya, huenda yakafaa kujipaka, lakini si kitu alicholipia.

Mpaka hapo ningeweza kuweka kalamu chini, lau ningekuwa naishi mji mwingine. Lakini Nyarugusu si mahali pa kuzungumzia harufu nzuri peke yake.

Mama mmoja, jirani yangu, alinijia jioni moja na chupa yake ikiwa bado haijafunguliwa. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya mumewe.

"Mwalimu, baba watoto halali," aliniambia. "Usiku anazunguka tu ndani. Akishika kikombe, chai inamwagika kwa mikono kutetemeka. Na hasira alizonazo siku hizi, hata watoto wanamkwepa. Nimeambiwa haya yanatuliza mishipa."

Nilimwuliza mumewe anachoma wapi dhahabu yake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari isiyohusika.

"Jikoni, mwalimu. Usiku, na mlango tunafunga. Si unajua watu wa hapa wakiona moshi wanajua umepata."

"Na ile hewa inayobaki?"

"Asubuhi nafukiza ubani. Nachukua lile lile jiko, naweka kaa, natia ubani maka, nyumba inanukia, hewa yote mbaya inatoka."

Huyu mama hakuwa mjinga. Ni mtu safi, na alikuwa akifanya kile ambacho mama yake na bibi yake wangefanya. Lakini naomba msomaji atazame vizuri kilichokuwa kikitendeka ndani ya jiko lile.

Huku kwetu dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga uliosagwa huoshwa, zebaki hutiwa, nayo hushikana na chembe za dhahabu vikawa donge moja jeupe. Donge likiwekwa motoni, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, lakini haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke. Hata ikikaa tu kwenye kisahani hutoa kidogo kidogo. Mvuke huo hauonekani, na hauna harufu hata chembe. Ukiingia mapafuni hupita katika damu, ukafika katika ubongo na figo. Dalili zake zinajulikana: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, mtu huwa mwepesi wa hasira na wasiwasi. Mama mjamzito humfikishia mwanawe aliye tumboni. Mvuke usiotoka nje hugandia kwenye dari, kutani na kwenye jiko lenyewe, ukingojea joto lingine uinuke tena.

Kwa hiyo mume alikuwa akichoma usiku, na asubuhi mke akiwasha jiko lile lile na kuiamsha zebaki iliyolala, ikapaa pamoja na moshi wa ubani. Nyumba ilinukia. Pua zao ziliwaambia kwamba hewa imekuwa safi. Halafu angalia tena orodha ya dalili: kukosa usingizi, wasiwasi, hasira, kutetemeka. Ndizo shida zile zile ambazo mafuta ya ubani huuzwa kuzituliza. Mama yule angempaka mumewe kila usiku, mume angenusa, pengine angepata nafuu kidogo ya moyo, na kwa nafuu hiyo wangeendelea mwaka mwingine kuvuta sumu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatari kubwa ya mafuta haya katika mji wetu haimo ndani ya chupa. Ngozi ikiwasha, mtu ataona na ataacha. Hatari ni kwamba harufu nzuri hutufanya tuamini kuwa tumeshughulikia jambo. Pua yetu ni mlinzi mzuri wa samaki aliyeoza na maziwa yaliyochacha, lakini kwa vitu vinavyoua machimboni ni kama kipofu. Zebaki hainuki. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa katika chumba kilichofungwa hainuki. Sianidi inayotumika kuoshea marudio husemwa kuwa na harufu ya lozi chungu, lakini wako watu ambao kwa maumbile yao hawawezi kuinusa kabisa. Na vumbi la mwamba halina harufu ya kutisha. Linanuka kama kazi ya kila siku.

Tulizungumza na mume pia, sote watatu, tukiwa tumekaa nje. Sikumwambia aache kuchimba, maana ningekuwa namwambia aache kula. Nilimweleza kuhusu chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba, ambacho hunasa mvuke wa zebaki na kuupooza ukawa zebaki tena. Alicheka kidogo na kusema, "Kumbe ni mtambo wa gongo." Naam, ni kanuni ile ile, na ndiyo iliyotengeneza hata mafuta ya mkewe. Chombo hicho si kigeni katika wilaya yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamagasa, ambayo ni jirani yetu, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa dunia wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, na wachimbaji walionyeshwa. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2020 ule mkataba wa zebaki uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini iliwaharibu watu waliokula samaki. Lakini mkataba uko Dodoma, na jiko liko jikoni. Kati ya hivyo viwili kuna safari ndefu.

Walifanya walichoweza. Uchomaji ulihamia nje, mbali na nyumba, kwa chombo cha kuazima. Jiko lile hawakupikia wala kufukizia tena. Mume alikwenda hospitali na kulitaja neno zebaki mbele ya daktari, neno ambalo hakuwa amelitaja kwa mganga yeyote kabla ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Baada ya miezi kadhaa usingizi ulimrudia kwa sehemu. Mikono bado si ile ya zamani.

Jambo la kifua nalo lisiachwe. Mwamba wa dhahabu wa huku ni wa mawe meupe magumu, na yakisagwa makavu hutoa vumbi lenye chembe ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Chembe hizo hukaa mapafuni na kuyatia makovu. Ndio ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuondoa. Tena mapafu yenye makovu hayo ni shamba zuri la kifua kikuu. Kijana mmoja wa karasha, niliyemfundisha darasa la tatu, alikuwa akikohoa kwa muda mrefu na kupungua mwili. Alikuwa akitia matone matano ya mafuta ya ubani katika chai kila asubuhi. Alisema kifua kinafunguka. Sikuwa na sababu ya kumbishia, maana harufu kali huweza kumpa mtu hisia kwamba anavuta hewa vizuri zaidi. Lakini hisia ya kifua kufunguka na kifua kupona ni vitu viwili.

"Mwanangu," nilimwambia, "kikohozi kikipita wiki mbili hakiulizwi kwa mwalimu wala kwa mchuuzi. Kinapelekwa makohozi yake yakapimwe."

Alichelewa bado. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa wachimbaji wetu si kuficha tu. Siku ya hospitali ni siku isiyo na chakula. Hatimaye alikwenda, na kilikuwa kifua kikuu. Dawa alipewa bure, kama ilivyo katika vituo vya serikali, na akazinywa miezi yote sita. Mafuta aliacha kuyanywa. Huyachanganya na alizeti na kujipaka shingoni, nami simkatazi, kwa sababu hapo yamekaa mahali pake: yanamfurahisha, na hayamzuii kitu.

Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa na kifusi katika mgodi mmoja hapa Nyarugusu. Mji mzima ulisimama. Kulikuwa na mashine, askari, viongozi, na wake za watu waliokesha wakiomba. Baada ya siku kadhaa wote 15 walitolewa wakiwa hai, na furaha yake naikumbuka mpaka leo. Lakini anayefukiwa na vumbi kidogo kidogo kwa miaka kumi hakimbiliwi na mtu. Mke humpaka mafuta, majirani humwambia pole, na chumba chake hufukizwa ubani.

Ubani wenyewe nao una haki ya kusemewa. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza misitu ya aina moja kubwa ya mti huu, ile ya Ethiopia, Eritrea na Sudani, walionya kwamba mavuno yake yanaweza kupungua kwa nusu katika muda wa miaka 20, kwa kuwa miti mikubwa inakufa na michipukizi inaliwa na mifugo na moto. Sisi wa machimboni tunajua habari za kitu kinachochukuliwa bila kurudishwa. Kwa hiyo tone hili lina thamani, na sababu mojawapo ya kulitumia kwa kiasi ni kwamba haliwezi kumwagwa ovyo bila mti fulani mahali fulani kulipa.

Kwa wanaonijia na chupa bado nawasomea kila herufi. Kisha huwauliza maswali matatu kabla hawajaondoka: unachoma dhahabu wapi, mawe unayasaga yakiwa makavu au yamelowa, na umekohoa tangu lini. Wengine huona ni maswali ya mzee asiye na kazi. Yule kijana wa karasha, nilipomwuliza mara ya mwisho, alinijibu kwamba amerudi kazini, kwa kuwa hana shamba na ana watoto wawili, lakini sasa hulowanisha mawe kabla ya kuyasaga na hufunga kitambaa puani. Daktari alimwambia kwamba vumbi lililokwisha kuingia halitatoka. Kitambaa nacho si kinga ya kutosha, nilimweleza, kwani chembe zile hupenya. Maji ndiyo yenye msaada zaidi. Akanijibu, "Maji tutayachota, mwalimu," akaniaga, akashika njia ya machimboni.